Ricketts Glen mwezi Oktoba: siku nne za hema kando ya maporomoko

Hifadhi ya Ricketts Glen iko kaskazini-mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwendo wa saa mbili hadi tatu kwa gari ukitokea Harrisburg, Lancaster au Philadelphia. Ni msitu wa kilomita za mraba 53 hivi, wenye ziwa moja kubwa, Lake Jean, na kijito kiitwacho Kitchen Creek. Kijito hicho huteremka mita 300 katika mwendo wa kilomita tatu na nusu tu, na katika kuteremka huko kimezaa maporomoko zaidi ya 20. Kuingia ni bure. Kinacholipiwa ni nafasi ya hema.

Oktoba ndio mwezi wake. Mbu wamekwisha, majani yamegeuka rangi, na katikati ya juma unaweza kutembea muda mrefu korongoni bila kukutana na mtu. Lakini huo ndio mwezi ambao anayekuja na vifaa vya Julai huteseka, na kinachomtesa zaidi ya baridi ni unyevu. Unyevu uko kwenye mawe ya njia, kwenye kuni, ndani ya hema na ndani ya soksi. Ratiba ifuatayo imepangwa kwa kuufikiria huo kwanza.

Siku za kwenda zichaguliwe kwa makini. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu ya taifa Marekani, na wikendi inayoitangulia kambi hujaa pomoni. Anza Jumanne inayofuata, uondoke Ijumaa kabla ya wageni wa wikendi hawajaingia. Ukiweza kuahirisha kwa siku moja au mbili, subiri mvua inyeshe kwanza. Mwishoni mwa kiangazi kijito hupungua, na baadhi ya maporomoko hubaki michirizi tu juu ya mwamba. Siku moja au mbili baada ya mvua nzuri maji yanakuwa mengi na njia imeanza kukauka.

Siku ya kwanza, Jumanne: kufika na kusimamisha hema

Barabara namba 487 kutoka Red Rock kupanda hadi Lake Jean ina mwinuko mkali sana. Gari dogo hupanda bila shida kwa gia ndogo, lakini mwenye kuvuta trela nzito azunguke aingie kwa upande wa kaskazini, kutokea Dushore. Jaza mafuta kabla ya kuuanza mlima na pakua ramani ya hifadhi kwenye simu mapema, maana mtandao huko juu ni wa kubahatisha na korongoni haupo kabisa.

Lenga kufika saa tisa alasiri. Jua la katikati ya Oktoba huzama kama saa 12 na nusu jioni, na chini ya miti giza hutangulia. Hema linalosimamishwa gizani ndilo linaloamka limelala kwenye dimbwi.

Kambi iko kwenye rasi inayoingia Lake Jean na ina nafasi 120 za mahema na trela. Usivutwe na nafasi iliyo chini kabisa karibu na maji. Hewa baridi ni nzito, usiku huteremka na kutuama kwenye mabonde, na ukungu wa ziwa huja kulala hapo hapo. Mita mbili au tatu tu za mwinuko hupunguza umande kwa kiasi utakachokiona asubuhi kwenye paa la hema. Tazama juu pia. Tawi lililokauka likiwa limening'inia juu ya nafasi yako, hama.

Ardhi ya nafasi nyingi imeshindiliwa kwa kokoto, kwa hiyo vigingi vyembamba vya alumini vinavyokuja na hema hupinda. Chukua vya chuma vya sentimita 25 na nyundo ndogo. Kichwa cha kigingi kiegemee upande wa nje, mbali na hema, na kamba iwe imekaza bila kulivuta hema likapindika. Turubai la chini likunjwe hadi liwe dogo kuliko sakafu ya hema pande zote. Hili hukosewa kila msimu: turubai likichungulia nje sentimita tano tu, linapokea maji yote yanayochuruzika kutoka kwenye paa na kuyaingiza chini ya mgongo wako. Paa la nje lisigusane na kitambaa cha ndani popote, kwa sababu pale panapogusana ndipo maji hupenya.

Kuni zinunuliwe hapo hapo au kwenye vijiji vya jirani. Usibebe kuni kutoka nyumbani. Jimbo hili linapambana na mdudu mwenye mabawa ya madoadoa aliyetoka Asia, aliyeonekana kwa mara ya kwanza Kaunti ya Berks mwaka 2014, ambaye huharibu mizabibu na miti mingi. Hutaga mayai kuanzia Septemba juu ya chochote kilicho nje, kuni zikiwemo, na mayai hayo yanafanana na tope la kijivu lililopakwa na kukauka.

Kuni za dukani mara nyingi zina unyevu ndani hata zikionekana kavu. Gonganisha vipande viwili: kavu hulia kwa mlio mkali, mbichi hutoa mlio mzito uliozibwa. Pasua vipande vitatu hadi viwe vyembamba kama kidole, uanzie moto na moyo wa kuni ulio mkavu. Moto uwashwe ndani ya pete ya chuma iliyowekwa, si penginepo. Pombe hairuhusiwi katika hifadhi za jimbo hili, na kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa za utulivu, jambo linaloifanya kambi hii ipendeze kwa wenye watoto.

Chakula cha usiku wa kwanza kiwe chepesi kupika. Ugali kwenye jiko dogo la gesi unawezekana vizuri: kwa watu wawili, maji mililita 600 na unga gramu 300, sufuria yenye kitako kizito, moto mdogo baada ya maji kuchemka. Sufuria nyembamba za kambi huunguza kwa katikati. Kinachokwamisha ni gesi yenyewe. Mtungi wenye butani pekee hukoma kutoa gesi joto likikaribia sifuri, kwa kuwa butani haichemki chini ya nyuzi −0.5. Tafuta mtungi wa mchanganyiko wa isobutani na propani, na usiku ulaze ndani ya gari au chini ya miguu yako. Kwa siku nne, mtungi wa gramu 230 unawatosha watu wawili wenye kunywa chai mara mbili kwa siku, mradi jiko limekingwa na upepo. Usipikie ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Jiko hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Dubu weusi wapo. Oktoba wanakula mfululizo kujiwekea mafuta ya majira ya baridi, na pua zao ni kali. Vyakula vyote, dawa ya meno, sabuni na takataka vifungiwe ndani ya gari. Dagaa wa kukaanga ni mtamu kambini, lakini maji yaliyooshea sufuria yake yamwagwe mahali palipopangwa na nguo zilizokaa kwenye moshi wake zisiingie hemani.

Usiku joto hushuka hadi nyuzi 5, na kukianuka laweza kufika sifuri na nyasi zikawa na jalidi. Wengi hununua mfuko wa kulalia wa bei kubwa na kuutandika juu ya godoro la hewa la ufukweni. Godoro lile halina kizuizi cha joto, hewa iliyo ndani huzunguka na kupeleka joto lako ardhini usiku kucha. Afadhali mfuko wa wastani, wenye alama ya kulala kwa starehe hadi nyuzi −5, juu ya godoro la kambi lenye kipimo cha R (uwezo wa kuzuia joto lisipotee) cha 4 au zaidi. Chupa ngumu ya lita moja iliyojazwa maji ya moto na kuvishwa soksi, ikiwekwa kati ya mapaja, hukaa na joto hadi usiku wa manane.

Matundu ya hewa ya hema yaachwe wazi. Inaonekana kinyume, lakini kila anayelala hutoa maji mengi kwa pumzi, na hema lililofungwa kabisa huyageuza matone yanayodondokea mfuko wa kulalia. Mfuko wa manyoya ya bata ukilowa haufai kitu.

Siku ya pili, Jumatano: Njia ya Maporomoko

Hii ndiyo siku yenyewe. Njia yote ina urefu wa kilomita 11.6, lakini mzunguko wa juu unaoanzia maegesho ya Lake Rose ni kama nusu yake na unapita maporomoko 18. Tenga saa nne, tano kwa wapiga picha. Anza saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa limechomoza zaidi ya saa moja nyuma.

Mavazi: fulana ya sufu au ya nyuzi za kutengenezwa inayogusa ngozi, sweta jepesi, koti la mvua. Pamba ibaki kambini, hata jinzi, kwani ikilowa haikauki na hunyonya joto la mwili. Buti zenye meno marefu na magongo mawili ya kutembelea. Begani: maji lita moja na nusu, chapati au viazi vitamu vilivyochemshwa, tochi ya kichwa, bandeji ya kuvutika, blanketi la karatasi ya fedha, soksi za akiba ndani ya mfuko usiopitisha maji. Vaa pia kitu cha rangi ya machungwa, hata kofia tu. Sehemu kubwa ya hifadhi iko wazi kwa wawindaji majira haya, na ardhi za uwindaji za jimbo zinapakana nayo.

Tunapendekeza kuteremkia korongo la Ganoga Glen na kupandia Glen Leigh. Glen Leigh ni jembamba na njia yake inabanana na maji. Mahali pa namna hiyo ni salama zaidi kupandwa kuliko kuteremkwa, na anayepanda maporomoko yako mbele ya macho yake muda wote.

La kwanza ni Mohawk, mita 11. Kisha Oneida na Cayuga, madogo, na mara njia inapinda na Ganoga linatokea: karibu mita 29, refu kuliko yote hapa. Maji yake hayaanguki kwa mruko mmoja. Yanashuka juu ya tabaka nyingi nyembamba za mawe, ngazi baada ya ngazi, yakitanuka kadiri yanavyoteremka. Tabaka hizo ndizo zinazoeleza korongo lote. Pale miamba ilipo ya tabaka nyembamba zinazolingana ugumu, maji hushuka kwa vidato. Pale mwamba mgumu wa mchanga ulioshikamana unapolalia mwamba mwekundu laini, maji hula ule laini kwa chini, na yale ya juu huruka na kuanguka wima. Ukijua hilo utaweza kubashiri umbo la poromoko linalofuata kwa kutazama ukuta wa mwamba kando yako.

Ngazi za mawe unazokanyaga si za asili. Kanali Robert Bruce Ricketts, aliyeongoza kikosi cha mizinga katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, ndiye aliyekuwa akimiliki ardhi hii. Mwaka 1889 aliweka mafundi waliochonga na kupanga njia hii hadi 1893. Maporomoko mengi aliyapa majina ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, mengine majina ya jamaa na marafiki zake. Jimbo liliinunua ardhi katika miaka ya 1940.

Sasa utelezi. Kwenye ngazi hizi unakuta vitu vitatu kwa mpangilio: jiwe lililolowa, juu yake utando wa kijani wa mwani, juu yake tena majani yaliyoanguka jana. Jani lililolala juu ya mwani halishiki chochote, linateleza lenyewe pamoja na mguu. Baya zaidi, majani huficha nafasi kati ya jiwe na jiwe. Kwa hiyo gongo litangulie, lipekue majani, ndipo mguu ufuate. Hatua ziwe fupi, wayo mzima ukanyage kwa pamoja, uzito ubaki juu ya mguu uliokwisha kukanyaga imara. Kwenye vidato vyembamba geuza mguu ubavu. Usikamate mti mwembamba uliokufa kandoni ukidhani ni mhimili. Na mwenye kamera asirudi kinyumenyume hata hatua moja. Apange pahali pa kusimama kwanza, asimame, ndipo apige.

Kwa picha, siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali, maana jua hutia mabaka meupe juu ya maji. Kuiacha lenzi wazi kwa nusu sekunde hadi sekunde moja hulainisha maji, lakini upepo ukivuma majani nayo yatafifia. Piga mbili: moja ya maji, moja ya haraka kwa ajili ya majani.

Baada ya Ganoga yanafuatana Seneca, Delaware, Mohican, Conestoga, Tuscarora na Erie, haya mawili ya mwisho yakiwa na mita 14 kila moja. Chini yake vijito viwili vinakutana mahali paitwapo Waters Meet. Hapo ndipo pa kula na pa kuamua. Kama magoti yako yako sawa na saa haijapita sita mchana, shuka kidogo uone Harrison Wright, Sheldon Reynolds na Murray Reynolds, kisha urudi. Kama umechoka, acha. Kupanda Glen Leigh kunahitaji miguu yenye nguvu. Vaa sweta mara tu unapokaa. Korongoni kuna baridi zaidi ya kambini, na jasho hupoa ndani ya dakika chache. Usinywe maji ya kijito bila kuyachuja au kuyachemsha. Ni maangavu, lakini wanyama wa msitu huyatumia, na vimelea vya tumbo havionekani kwa macho.

Kupanda Glen Leigh unakutana na Wyandot, B. Reynolds, R. B. Ricketts, halafu Ozone lenye mita 18, ambalo baadhi yetu tunalipenda kuliko Ganoga kwa sababu njia inakufikisha karibu sana na miguu yake, rasharasha zikakugusa usoni. Funga kamera. Huron, Shawnee, F. L. Ricketts na Onondaga yanamalizia. Kutoka juu, Njia ya Highland, kilomita mbili hivi, inakurudisha ikipita katikati ya mapande makubwa ya mawe yaitwayo Midway Crevasse. Ni njia tambarare, na baada ya ngazi zote zile miguu itaishukuru.

Jioni, kabla ya kuingia hemani, kaguaneni kupe. Watu hudhani baridi imewamaliza, kumbe kupe wa kulungu walio wakubwa hutembea Oktoba yote, joto likizidi tu nyuzi 4, na ndio wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria. Tazama nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, nyuma ya masikio, na kwenye mstari wa nywele kwa watoto. Ukimkuta, mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja bila kumzungusha, bila mafuta wala moto.

Siku ya tatu, Alhamisi: hemloki za zamani na Adams Falls

Siku fupi, ya kupumzisha magoti. Teremka kwa gari hadi barabara namba 118. Upande wa kusini wa barabara, hatua chache kutoka maegesho, liko Adams Falls, mita 11, ambapo maji yamechimba mwamba mwekundu hadi ukawa mabakuli yenye kingo laini. Hata mtu mzima asiyeweza ngazi anaweza kuliona. Kingo zile laini ndizo hatari yake, zisikanyagwe.

Njia ya Evergreen, kilomita moja na nusu hivi, inaanzia hapo na kupita katikati ya hemloki (miti ya jamii ya misonobari, yenye majani kama sindano) na misonobari mikubwa. Mingi ina zaidi ya miaka 300. Hemloki haibadiliki rangi, na kivuli chake ndicho kinachokifanya kijito kibaki baridi wakati wa kiangazi. Chunguza upande wa chini wa matawi: ukiona vidonge vyeupe kama pamba kwenye vitako vya sindano, huyo ni mdudu aliyeletwa kutoka Asia anayenyonya miti hii hadi inakauka. Usivunje tawi kwenda kumwonyesha mtu.

Rangi utazifaidi zaidi ukirudi juu, kandokando ya Lake Jean. Siku zikifupika, jani huacha kutengeneza rangi ya kijani. Ile njano ilikuwamo siku zote, sasa imefunuliwa. Nyekundu ya miti ya mepo (maple) ni tofauti, hutengenezwa upya katika siku hizo za mwisho, na huwa kali pale mchana unapokuwa wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Miinuko hii hufikia kilele chake kwa kawaida katika nusu ya kwanza ya Oktoba. Mialoni huchelewa. Usiku mmoja wa upepo na mvua unaweza kumaliza yote.

Mvua ikiwa imekesha, badilisha mpango: usiende korongoni siku hiyo. Funga turubai juu ya meza, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine ili maji yawe na pa kwenda, pika maharage taratibu, na soksi zilizolowa zipitishe usiku juu ya tumbo lako ndani ya mfuko wa kulalia. Kuzikausha juu ya moto huishia kuziunguza.

Siku ya nne, Ijumaa: kukunja

Hema litakuwa na umande. Anza kwa kulifuta paa la nje kwa kitambaa na kulitundika, kisha ndipo unywe chai. Likipata saa moja ya hewa uzito wake hupungua sana. Mwaga maji juu ya majivu, koroga, mwaga tena mpaka uweze kuyagusa kwa mkono. Kabla ya kuwasha gari kagua magurudumu, chini ya bampa, viti vya kukunja na mikunjo ya turubai kwa yale mayai ya kijivu. Ukiyaona yakwangue uyatie kwenye mfuko wenye spiriti.

Ukifika nyumbani, hema litandazwe siku hiyo hiyo, sebuleni kama ghorofani hakuna uwanja. Ukungu huanza ndani ya siku mbili tu, na harufu yake haitoki tena. Mfuko wa kulalia usirudishwe kwenye kifuko chake kidogo, utundikwe ukiwa wazi. Nafasi za kambi hufunguliwa miezi 11 kabla, kwa hiyo anayetaka kurudi Oktoba ijayo aweke nafasi yake Novemba.